Kabla Uwashe Kamera: Risto ya Mekatilili wa Menza

Una simu yenye kamera ya maana, una beshte mmoja anayejua kuedit, na kila wikendi mnakaa pale ufuoni Malindi mkilia ati hamna stori. Skripti mlizoandika ni tatu. Zote ni za majambazi wa Nairobi wanaofukuzana na makarao, na hakuna hata mmoja wenu amewahi kulala Nairobi zaidi ya siku mbili. Sasa mimi nakuuliza: kwa nini unahangaika na risto ya watu wengine na kaburi la mwanamke aliyesumbua serikali nzima ya mkoloni liko hapo Bungale, Magarini, ng'ambo tu ya mto Sabaki?

Nitakupa maisha yake kuanzia mwanzo. Na pale ambapo maisha yake yanakutana na kazi yako ya kamera, nitasimama kidogo nikushow vile ningeishuti na bajeti ya mfuko wa nyuma. Kaa rada.

Jina alilopewa na wazazi halikuwa Mekatilili. Alikuwa Mnyazi wa Menza, Mgiriama, mzaliwa wa Mutara wa Tsatsu upande wa Bamba, katikati ya karne ya 19. Watoto walikuwa watano kwao na msichana alikuwa yeye peke yake. Akakua, akaolewa na Dyeka wa Duka kule Lango Baya, akazaa mtoto akaitwa Katilili. Kigiriama hicho "Me" cha mbele ni mama, kwa hivyo Mekatilili ni mama Katilili tu, kama vile mathe wako anavyoitwa mtaani kwa jina la kifungua mimba wake. Hiyo ndiyo sababu nakwambia usimwandike kama malkia. Jina lenyewe linakuonyesha ni mama wa boma, mwenye mtoto, mwenye kinu na mchi. Ukimvalisha taji na kumpa sauti ya sinema za India, umempoteza dakika ya kwanza.

Kitu kimoja cha utotoni kilimkaa rohoni maisha yote. Ndugu yake mmoja alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, na hakurudi. Biashara hiyo ilikuwa bado inatafuna watu wa bara la Pwani siku hizo, na kwa familia ya Menza haikuwa habari ya kusikia redioni. Ilikuwa ni nafasi tupu pale watu wanapokaa kula.

Najua akili yako imeshaanza kuhesabu waigizaji. Farasi, bunduki, minyororo, umati wa soko. Tulia manze. Huna hiyo doo, na hata ungekuwa nayo hungeipata vizuri. Scene kama hiyo inabebwa na sauti. Weka kamera usoni mwa mtoto wa miaka kumi, karibu kabisa, na usiitoe. Kila kitu kingine kitokee nje ya fremu: mbuzi wanalia, kibuyu kinaanguka, miguu inakimbia juu ya majani makavu, kisha kimya. Mtazamaji atajiundia picha kichwani kubwa kuliko yoyote utakayolipia. Lakini sauti hizo zirekodi siku tofauti, mahali pasipo bodaboda. Nenda ndani ndani kule Ganze mangware, saa kumi na moja alfajiri. Halafu kabla hujaondoka rekodi dakika moja ya pale mahali bila mtu kuongea. Hiyo dakika moja ndiyo editor wako atatumia kuziba mapengo, na usipompa atakulaani.

Turudi kwa mama. Miaka ikasonga, akawa mtu mzima, mjane. Wagiriama nao walikuwa wameenea, wamevuka Sabaki na kufungua mashamba upande wa kaskazini, ardhi yenye rutuba. Walilima mahindi na kuyauza kwa wafanyabiashara wa Malindi. Wanakula, wanauza, wanabaki na chenji. Hapo sasa ndipo Mwingereza akaingia na hesabu zake.

Mkuu wa mkoa wa Pwani alikuwa Charles Hobley. Chini yake kwa Wagiriama akatumwa kijana mmoja anaitwa Arthur Champion. Kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza: kodi ya nyumba ikusanywe, na vijana wa Kigiriama wapatikane wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu na miradi ya serikali. Na ile ardhi nzuri ya kaskazini mwa Sabaki, Wagiriama waiache warudi kusini. Shida ya Champion ni kwamba mtu mwenye ghala limejaa mahindi hana sababu ya kwenda kuchapa kazi ya mdosi kwa mshahara wa kuchekesha. Mkoloni akaita huo uvivu. Wewe na mimi tungeita akili.

Hapa ndipo mafilamu mengi ya wakoloni huharibika. Wanaleta mzungu mwenye masharubu anapiga kelele, na watu wanacheka. Adui mzuri kwenye skripti ni yule ana kitu anakitaka na anadhani ana haki ya kukipata. Champion mpe meza, kitabu kikubwa cha majina, wino, jasho shingoni. Anapiga hesabu ya vibanda. Anaandika namba. Mpige picha mkono ukiandika, kisha kata uende kwa ghala la mahindi lenye makuti, mwanamke anapanda ngazi kuchota. Picha mbili, hakuna mtu ameongea, na hata mtoto ameelewa ni nini kinataka kuchukuliwa.

Mwaka 1913 Mekatilili akaanza kuzunguka. Elewa vizuri uzito wa hilo: mambo ya uongozi yalikuwa ya wazee wa kiume kwenye kaya, na hapa ni mwanamke mkubwa wa umri anatembea kijiji hadi kijiji akibonga na umati. Alitumia kifudu, ngoma ya matanga. Ngoma ya matanga huwezi kuikataa. Ikilia watu wanakuja, na inapokuja mahali mkoloni hana cha kushtuka, anaona ni wenyeji wanaomboleza. Yeye akatumia huo mkusanyiko kusema ya moyoni: vijana wetu hawaendi, kodi hatulipi, na wale machifu waliowekwa na mzungu wametuuza. Ndugu yake aliyepotea alikuwa ndani ya kila neno. Alishaona mara moja watu wakichukuliwa wakafanye kazi ya wengine.

Ukishuti kifudu, skiza, usishuti kama video ya muziki. Kwanza, tafuta wachezaji wenyewe wa vikundi vya utamaduni, wapo tele kuanzia Kaloleni hadi Magarini, na uwalipe. Chakula cha mchana na picha za kuposti si malipo. Wale kina mama wana mashamba yao ya kwenda. Andikeni karatasi hata kama ni ya ukurasa mmoja, kiasi gani, siku ngapi, na video itatumika wapi. Pili, ngoma moja nzima irekodi sauti mara moja bila kukata, maiki ikiwa mbali kidogo na wapigaji, halafu hiyo ndiyo iwe msingi. Baadaye wacheze tena mara mbili tatu huku wewe unachukua miguu, mabega, hando zinavyoruka, uso wa mzee mmoja aliyefumba macho. Ukikata sauti kila ukikata picha, ngoma itakuwa inarukaruka kama CD yenye mikwaruzo.

Kisha watu wakaenda Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, na wakala kiapo. Wanawake waliapa kwa mukushekushe, wanaume kwa fisi. Ukishakula kiapo hicho, kumfanyia kazi mzungu au kumsaidia chifu wake ni kujitakia balaa. Kikafanya kazi. Serikali ikakuta hakuna kodi, hakuna vibarua, na wazee waliokuwa wanasema ndiyo wameanza kuangalia chini.

Hii scene usiishuti. Ndiyo, umesoma poa. Kaya za Mijikenda ziliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini hata bila UNESCO kaya ina wenyewe. Ina njia ya kuingilia, ina mahali pa kuvua viatu, ina vitu visivyoonwa na mgeni, sembuse kamera. Nenda kwa wazee kwanza, na uende na mtu wa hapo anayejulikana, si wewe na traipodi yako mnatokea tu. Uliza ni wapi unaruhusiwa kusimama. Wakikwambia mwisho ni kwa ule mti, mwisho ni ule mti. Mimi ningeipiga kutoka nje, migongo ya kina mama inaingia gizani mmoja baada ya mwingine mpaka fremu inabaki miti tupu. Mtazamaji anabaki nje pamoja na Champion, ambaye pia hakujua ndani kumefanyika nini. Hiyo ni nguvu zaidi ya kuigiza kiapo kwa mitishamba ya kubahatisha.

Na tukiwa hapo, vigango usiviguse. Zile nguzo za mbao za kukumbuka wazee waliokufa zimeibwa sana miaka ya nyuma, zikauzwa mpaka kwa majumba ya makumbusho Marekani. Nyingine zimerudishwa baada ya miaka na miaka ya kufuatilia. Familia iliyoibiwa kigango haitakuelewa ukija ati unaazima kimoja kwa scene ya dakika mbili.

Sasa ile scene ambayo kila mtoto wa Kilifi anaijua. Agosti 1913, Champion ameitisha baraza akitaka vijana. Inavyosimuliwa, Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia Champion achukue kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mama akamwambia ndivyo itakavyokuwa akigusa mtoto wake mmoja. Champion kwa hasira akatoa bunduki akampiga kuku. Wengine wanaongeza kwamba Mekatilili alimzaba kofi. Wazee wengine wanasimulia kofi kwa raha kuliko kuku.

Hii ndiyo scene yako ya kuuza filamu, na pia ndiyo itakayokutoa machozi, kwa sababu kuku hajui skripti. Tafuta kuku watatu wanaofanana rangi, mwekundu ni rahisi. Wazoeshe siku mbili kwa aliyeshika nafasi ya Mekatilili, awalishe yeye mwenyewe. Shuti asubuhi mapema, kuku akiwa na njaa na jua likiwa chini. Jua la Pwani saa sita mchana linamwagika utosini, macho ya waigizaji yanakuwa mashimo mawili meusi, na ngozi nyeusi inapoteza uhai wote. Una saa mbili asubuhi na saa moja na nusu jioni. Katikati hapo ingieni chini ya mwembe mshuti scene za kivuli.

Kamera iweke chini, kimo cha kuku. Champion anainama kuingia kwa fremu, na ghafla mtu mkubwa anaonekana mjinga. Ukishachagua upande wako wa kusimama, baki upande huo. Ukiruka ng'ambo, Champion na Mekatilili wataonekana wanaangalia upande mmoja badala ya kuangaliana, na hakuna editor wa kukuokoa. Mdono wenyewe huna haja ya kuuona. Mkono unaenda, kata, uso unashtuka. Na risasi, tafadhali, hakuna kuku anayeumizwa. Sauti ya mlio, manyoya mawili yanaelea, na uso wa mama usiopepesa. Bunduki ya kuigizia nayo waambie polisi wa hapo mapema, la sivyo utashikwa kwa risto ambayo si ya 1913. Leseni ya kushuti pia shughulikia mapema, sheria ya Sura 222 inaitaka, na filamu ikiisha lazima ipitie kwa bodi ya KFCB ipewe daraja kabla ya kuionyesha watu.

Tarehe 17 Oktoba 1913 akashikwa, yeye pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola aliyekuwa naye bega kwa bega. Wakapelekwa Kisii. Piga picha ya ramani kichwani: kutoka hapa Sabaki mpaka milima ya Kisii, watu wa lugha nyingine, baridi, chakula kingine. Serikali ilidhani hiyo imeisha.

Januari 1914 wakahepa. Mama mzee na mwenzake wakaanza kurudi nyumbani kwa miguu, karibu kilomita elfu moja, na wakafika. Sijui wewe, lakini mimi kila nikikaa kwa basi la Nairobi kuja Malindi, nikifika Mtito Andei mgongo unauma, namkumbuka huyu mama na kunyamaza.

Safari hiyo unaweza kuishuti na watu wawili na tikiti ya mathree. Usijaribu kuonyesha njia yote. Onyesha ardhi ikibadilika chini ya miguu ile ile: majani mabichi, kisha changarawe, kisha ule udongo mwekundu wa Tsavo, kisha mchanga wa Pwani. Mkono unaoshikilia fimbo. Nguo ile ile inazidi kuchakaa, kwa hivyo piga picha ya nguo kwa simu kila siku ukimaliza, ili kesho shimo la begani lisihame upande. Kama editing yako ni ya fremu 25 kwa sekunde, weka shata 1/50 na uifunge hapo, uifunge na mwanga pia, maana simu ikijiamulia yenyewe anga litakuwa linang'aa na kufifia kila mtu akipita. Na mto uwe wa mwisho. Sabaki ina rangi ya chai ya maziwa, huwezi kuifananisha na mto mwingine. Mtu wa hapa akiuona kwa skrini ataelewa mama amefika kabla hujaandika neno. Lakini msiingie majini kutafuta shoti kali. Kuna mamba na viboko humo.

Agosti 1914 ndiyo mwezi mweusi. Tarehe 4, siku ile ile Uingereza ilipoingia vita na Ujerumani, serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Siku chache baadaye Wagiriama wakainuka. Mishale kwa bunduki. Vijiji vikachomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wakauawa, na wale wa kaskazini mwa Sabaki wakafukuzwa kutoka mashamba yao. Juu ya hayo yote wakatozwa faini ya rupia 100,000, waliochomewa ndio walipe. Mekatilili akashikwa tena mwezi huo huo.

Mlipuko wa kaya, achana na zile app za moto wa bure, zinakaa fataki za Krismasi. Mwanamke anatwanga. Kinu kinalia, kinalia, kinalia. Mlio mzito wa mbali, ndege wote wanaruka kutoka mitini, mchi unasimama hewani. Vumbi kidogo linashuka kutoka kwa makuti. Ishike picha hiyo sekunde nyingi kuliko unavyoona ni sawa.

Mwaka 1919 akarudi nyumbani. Na hapa kuna kitu watu husahau kwa sababu hakina bunduki: mambo mengi aliyopigania yalikuwa yamelegezwa. Vita vya dunia vilipochosha serikali, Wagiriama walianza kuruhusiwa kurudi ng'ambo ya Sabaki, na kaya ikarudi mikononi mwa wenyewe. Wanje akaongoza baraza la wanaume kule kayani, Mekatilili la wanawake. Aliishi hivyo, mama mzee anayeamua kesi za watu, mpaka 1924. Akazikwa Bungale.

Yeye hakuacha daftari wala sauti iliyorekodiwa. Karibu kila kitu kilichoandikwa wakati ule kiliandikwa na waliomfunga, ripoti za kina Champion na Hobley, ambao kwao alikuwa mchawi msumbufu. Upande mwingine uko vichwani mwa wazee, na wazee hawakungoji. Kwa hivyo kabla ya hiyo filamu ya kuigiza, kazi yako ya kwanza ni kukaa nao na kurekodi.

Hapo niliwahi kuharibu vibaya. Nilimkalisha bibi mmoja ufuoni kwa sababu nyuma yake bahari ilikuwa inapendeza. Akabonga dakika arobaini, maneno ambayo sijawahi kuyasikia kwingine. Kusi ilikuwa inavuma. Nilipofika keja nikaweka earphone, nikasikia upepo tu, kama mtu anapasua turubai. Niliporudi mwaka uliofuata bibi alikuwa ameshatangulia. Tangu siku hiyo mzee namkalisha ndani ya nyumba ya makuti, mlango ubavuni mwake ndio uwe taa, maiki ndogo imebanwa kifuani chini ya leso, earphone masikioni mwangu muda wote, na simu ya pili inarekodi sauti pembeni kama spea. Kuku wa boma wafungiwe. Friji izimwe, na funguo zangu za pikipiki naziweka juu ya friji hiyo ili nisiondoke bila kuiwasha tena.

Halafu muulize swali moja, unyamaze. Wazee wakinyamaza hawajamaliza. Hesabu mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo. Ukirudi, rudi na nakala kwa flashi uwape familia, na filamu ikiwa tayari skrini ya kwanza iwe shuka jeupe pale kijijini, kabla ya mjini na kabla ya YouTube. Kama kuna jina umekosea, watakuambia hapo hapo, na bado una muda wa kurekebisha.

Agosti huwa wanamkumbuka, kwa ngoma na mavazi. Jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hivyo panda mathree ya kwanza kutoka Malindi, ukipita daraja la Sabaki bado kuna kagiza. Chaji betri usiku, beba kitambaa laini cha kufuta lenzi na mfuko wa plastiki wa kuifunika. Barabara ya kule ina vumbi jekundu, na linaingia kila mahali.